Jumanne napanda Kilimanjaro kama mgumu (mbeba mizigo) mara ya kwanza. Naamini Mungu na bado naogopa, hii hofu inatokaje?

#1 Mshare23
Wakuu habari za jioni. Mimi ni binti wa miaka 23, natokea Kibosho, nimemaliza chuo mwaka juzi ngazi ya cheti na tangu hapo niko nyumbani nauza ndizi na parachichi na mama. Juzi binamu yangu kanipigia, kuna msafara wa mlimani kwa njia ya Machame siku 7 unaondoka Jumanne, wamepungukiwa mgumu mmoja, nikakubali hapo hapo kwenye simu bila hata kuuliza malipo. Nilipokata simu ndo mikono ikaanza kutetemeka mpaka nikashindwa kufunga gunia la parachichi nililokuwa nafunga.

Mlima nimeuona tangu nazaliwa, ukifungua mlango wa jikoni asubuhi ule pale. Lakini geti sijawahi kulivuka hata siku moja. Mama kasema nenda, Mungu yuko. Bibi kasema usiende, mlima sio wa watoto wa kike. Jumapili kanisani nikasikia mahubiri kwamba mwenye imani haogopi, nikatoka pale nimezidi kuchanganyikiwa maana mimi naamini, nasali kila usiku, na nikisema amina tu tumbo linarudi kukaza vile vile.

Sasa swali langu, hasa kwa waliowahi kuingia kwenye jambo kubwa kuliko wao. Hofu mliitoaje? Au imani yangu ndo ndogo?

#2 Kijiwe_cha_Stendi
Nimewahi siti ya mbele, ngoja wazoefu waje. Ila dada hongera, wengine tulikataa nafasi kama hizo tukajifanya tuna malaria.

#3 Mzee_Karanga
Mwanangu karibu kazini. Mimi nimebeba mlima huo tangu 2006, njia za Marangu, Rongai, Lemosho, Machame kote nimepita, siku hizi napika. Safari yangu ya kwanza nilitapika getini, kabla hata mzigo haujapimwa. Na sio urefu huo, geti la Machame ni kama mita 1,800 tu, hapo hata mbuzi hatapiki. Ilikuwa hofu.

Nikwambie kitu kimoja. Mzigo wako hautakiwi kuzidi kilo 20, getini kuna mizani na watu wa hifadhi wanapima. Kilo 20 ni nini? Ni ndoo ya lita 20 ya maji imejaa. Wewe mtoto wa Kibosho ndoo hiyo umeanza kubeba ukiwa darasa la ngapi? Kwa hiyo kitu kinachokutisha shingo yako inakijua, kichwa chako ndo hakijapewa taarifa.

Kilichonitoa hofu mimi nitasema ukweli sio maombi, ni mguu. Siku ya kwanza unapita msituni, tope, mizizi, saa kadhaa, unafika kambi ya Machame kama mita 3,000 unatua mzigo unajikuta mzima. Nusu ya hofu inabaki kule msituni. Hakuna anayeitoa hofu akiwa amekaa nyumbani.

#4 Mwinjilisti_wa_Sakina
Mzee Karanga shikamoo, lakini hapo naomba nikupinge kidogo. Huo mguu uliinuliwa na nini? Petro alipotoka kwenye chombo kwenda kwa Yesu juu ya maji hakuwa na mazoezi ya kutembea juu ya maji, hakuna shingo yake iliyokuwa inajua. Aliitwa akatoka. Tunamsema sana kwa kuzama, tunasahau wenzake kumi na mmoja walibaki wamekaa chomboni wakavu.

Binti, hofu yako sio dhambi. Alizama alipouangalia upepo, na alipopiga kelele aliokolewa hapo hapo, hakuambiwa kwanza rudi ukaongeze imani. Soma Zaburi ya 121 kila asubuhi kabla ya kunyanyua mzigo, ile ya kuinua macho kuitazama milima. Aliyeandika ile aliuona mlima na akauliza msaada utatoka wapi, yaani hata yeye alianza na swali.

#5 Bi_Pangani
Mwanangu, pole na hongera kwa pamoja. Mimi ni mtu wa pwani, mlima nauona kwenye picha, lakini jambo hili tumelelewa nalo. Mtume (SAW) aliulizwa na bedui, nimwache ngamia wangu huru nimtegemee Mungu, au nimfunge? Akaambiwa mfunge, kisha tawakali. Kwa hiyo mimi ningekuuliza hivi, ngamia umeshamfunga? Una viatu? Una koti la mvua? Una nguo za baridi, soksi nzito, glavu? Maana mara nyingine hilo tumbo linalokaza si upungufu wa imani, ni tumbo linakukumbusha kamba hujafunga.

#6 Nesi_wa_Zamu
Bi Pangani umenena. Mimi ni nesi, nimefanya kazi Moshi miaka kadhaa, na naandika hapa kwa upendo kabisa, imani haiongezi oksijeni. Pale juu Uhuru, mita 5,895, hewa unayovuta ina nguvu kama nusu ya ile ya Tanga kwa Bi Pangani. Kuzaliwa Kibosho hakukukingi na hilo.

Mshare naomba ukariri haya kama unavyokariri Zaburi:
Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida, kunywa maji, mwambie kiongozi. Kichwa kikizidi, ukatapika, ukaanza kuyumba kama mlevi, au ukapumua kwa shida hata ukiwa umekaa, au kikohozi chenye povu, hapo hakuna cha kuvumilia wala kukemea. Ni kushuka. Usiku ule ule, sio kusubiri kuche.

Nasema hivi kwa sababu wagumu wanaficha. Mtalii akiumwa kichwa anapimwa na kile kidude cha kubana kidoleni asubuhi na jioni, mgumu akiumwa anaogopa kuonekana dhaifu asiitwe safari nyingine. Huo nao ni woga, ila umevaa koti la ujasiri.

#7 Chalii_Wa_Ngarenaro
Sentensi ya mwisho ya nesi nimeipenda sana. Dada nenda kasimamishe bendera kileleni kama Nyirenda 1964, sisi tuko nyuma yako.

#8 Nyaraka
@Chalii sio 1964 ndugu, ni usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika inapata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda ndo alipandisha mwenge na bendera. 1964 ni Muungano. Na wakati ule kilele kilikuwa bado kina jina la Mjerumani, Kaiser Wilhelm, baada ya hapo ndo kikaitwa Uhuru.

Jingine, wagumu walio wengi hawafiki kileleni. Msafara ukifika kambi ya Barafu, kama mita 4,670, mgumu anabaki kambini, wanaopanda usiku ni wageni na viongozi wao, labda na mgumu mmoja wawili waliochaguliwa. Kwa hiyo binti asibebe hofu ya kitu ambacho hata hakimo kwenye mkataba wake.

#9 Mshare23
Asanteni sana wote, nimesoma kila komenti mara mbili. @Nyaraka hilo la kuishia Barafu sikulijua, nimepumua kidogo.

Ila nimekaa nikajichunguza baada ya swali la Bi Pangani. Sio baridi ninayoogopa, wala kufa siogopi kiasi hicho. Naogopa kurudishwa. Naogopa siku ya pili nishindwe, nishushwe, nipite na begi langu pale sokoni Kibosho kila mtu ananiona, halafu bibi asiseme neno. Bibi akinyamaza ni mbaya kuliko akisema.

Viatu ninavyo vya kaka yangu, vikubwa namba moja, navaa soksi mbili. Koti la mvua ninalo. Glavu sina.

#10 Mama_Lemosho
Binti sogea hapa tuongee sisi wanawake. Nimepanda miaka tisa. Wanaume hapo juu wamekwambia ukweli ila kuna yao hawayajui.

Moja, uliza leo sio Jumanne, wanawake wako wangapi kwenye msafara na mtalala wapi. Safari yangu ya kwanza nilikuwa peke yangu kati ya wanaume ishirini na kitu, tukalazwa kwenye hema la kulia chakula la wageni, mimi nikakaa usiku mzima nimeegemea nguzo sijafumba jicho, asubuhi nabeba mzigo na usingizi. Kampuni yenyewe siitaji. Sasa hivi siendi kama hakuna hema la wanawake, na ukisema mapema wanalipanga, ukisema kambini wanakucheka. Pili, beba pedi hata kama tarehe sio zako, mlima unavuruga tarehe. Tatu, usijibane maji kwa kuogopa choo, wasichana wengi wanaoumwa kichwa siku ya pili ni hiyo.

Kuhusu hofu. Mimi niliingia kwa njaa. Watoto wawili, ada, baba yao kaondoka. Sikuwa na imani kubwa wala mguu wala nini, nilikuwa na daftari la deni dukani. Niseme tu na hilo liandikwe hapa, maana wakati mwingine tunayaita mambo ujasiri kumbe hapakuwa na mlango mwingine.

Viatu vikubwa kwenye kupanda sawa, kwenye kushuka kwa njia ya Mweka vidole vitagonga mbele mpaka kucha zitoke. Kafunge kamba vizuri sana kwenye kifundo. Pale Moshi kuna KPAP, mradi wa kusaidia wagumu, wanaazimisha wagumu nguo za mlima bure, nenda Jumatatu asubuhi. Glavu zangu nzito ziko kwa mama muuza uji karibu na stendi, nitamwambia akupe. Nikuandikie faragha yuko upande gani.

#11 Kijiwe_cha_Stendi
Uzi umekuwa mtamu na mzito kwa pamoja. Mama Lemosho heshima kwako.

#12 Profesa_wa_Kahawa
Niongeze historia. Huyo Hans Meyer anayesemwa kuwa wa kwanza kufika juu, 1889, ni mfano mzuri wa imani, alisimama chini akauangalia mlima ambao hakuna aliyewahi kuufikia, akasema nitafika, akafika. Watu wenye hofu hawaandikwi kwenye vitabu.

#13 Nyaraka
@Profesa hapana kaka, umeruka mambo mengi. Ilikuwa mara yake ya tatu. 1887 alifika juu sana akakuta barafu imesimama kama ukuta, hana vifaa, akarudi. 1888 akaja tena, hata mlima hakufika, vita vya Abushiri na Wajerumani kule pwani vikamkuta, akakamatwa yeye na mwenzake Oscar Baumann, wakafungwa minyororo mpaka walipolipiwa fidia. 1889 ndo akaja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hasa, na safari hii akapanga kambi za juu ziwe zinaletewa chakula kutoka Marangu ili wakishindwa leo wasishuke mpaka chini, wapumzike wajaribu tena. Kwa hiyo alirudi nyuma mara mbili. Kama kurudi nyuma ni aibu, Meyer aliaibika zaidi ya unavyoogopa wewe Mshare.

Na hicho chakula kilibebwa na nani? Na wagumu. Kule kambi ya juu alikuwepo mtu mmoja anaitwa Mwini Amani, mtu wa Pangani kabisa Bi Pangani, mtoto wa pwani kakaa kwenye baridi ile akilinda kambi wenzake wakipanda. Jina lake ni wachache wanaolijua.

#14 Bi_Pangani
Subhanallah. Mwini Amani. Na mimi nimekaa hapa nasema mlima ni wa watu wa bara.

#15 Mzee_Karanga
Msimsahau mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Sisi tumekua tunamsikia kwamba ndiye aliyewaongoza. Alifariki 1996, watu wanasema alikuwa na miaka zaidi ya 120. Na kisa chake ndo kinachonifanya nisikubaliane na Mwinjilisti wala na Profesa. Inasimuliwa kwamba alikuwa kijana anakwepa kazi ya kulazimishwa ya kuchimba barabara, akakamatwa akapelekwa kwa Mangi (chifu) Marealle, na pale ndo akatolewa awasindikize wageni mlimani. Sasa hapo imani iko wapi? Kijana alikuwa anakimbia jembe, akajikuta juu ya Kibo, kwenye kilele chenyewe.

#16 Nyaraka
Mzee, hilo la Lauwo kuwaongoza kuna wanaolitilia shaka, Meyer mwenyewe kwenye maandishi yake hakumtaja kama kiongozi wa njia. Lakini kwamba Lauwo aliujua mlima na akaongoza watu miaka mingi sana hilo halina ubishi.

#17 Mzee_Karanga
Meyer hakutaja wengi. Mimi nimepika kwa wageni miaka mingapi, unadhani wananitaja?

#18 Wanjiku_wa_Eldoret
Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nimesoma hii uzi yote nikakumbuka mzee Kimani Maruge wa huku kwetu Eldoret. 2004 elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure mwaka uliotangulia, yeye ana miaka 84, akaingia darasa la kwanza pale Kapkenduiyo na soksi ndefu na kaptula kama watoto. Alikuwa anataka kujisomea Biblia mwenyewe ajue kama mhubiri anasema ukweli. Nalipenda hilo kwa sababu watu wanasema imani ndiyo inakupea ujasiri, na yeye alianza na shaka! Shaka ndiyo ilimtoa nyumbani ikampeleka kwa dawati.

#19 Mwinjilisti_wa_Sakina
Dada Wanjiku hiyo naikubali kwa moyo wote, na mimi ningependa waumini wa namna ile wawe wengi. Ila mtu asiyeamini hajisumbui kukagua. Hata ile shaka ilikuwa ya mtu anayempenda Mungu.

Na nesi, nimekusoma. Hatupingani. Mimi sijawahi kumwambia mgonjwa aache dawa.

#20 Ticha_Kakonko
Nipite njia ya pembeni kidogo. Mimi sio wa mlima, ni mwalimu, nilipangiwa Kigoma nikiwa sijawahi kuvuka Morogoro. Siku ya kwanza darasani watoto zaidi ya 90, nikageukia ubao nikaandika tarehe taratibu sana, herufi moja moja, kwa sababu nilikuwa sitaki kugeuka. Nikawa napigia mstari tarehe. Nikapiga wa pili. Mtoto wa mbele akasema mwalimu, hiyo ya jana. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, na hofu ikaisha pale pale haijarudi mpaka leo. Kwa hiyo mimi naongeza nadharia yangu, hofu inaisha ukishakosea mbele za watu. Mshare kosea mapema.

#21 Jicho_la_Usiku
Mimi ni kiongozi wa msafara mlimani, nilikuwa msomaji tu lakini Ticha kanisukuma. Mlimani kuna makosa hayasubiri kicheko.

Msimu mmoja nilikuwa na mgeni, mwanaume mwenye nguvu, kila asubuhi anaomba kwa sauti na kikundi chake, imani unaiona usoni. Usiku tunatoka Barafu saa sita, saa tisa nikamwona anakanyaga nje ya njia. Nikamwambia tembea kwa kufuata mstari, kisigino mbele ya kidole. Akashindwa hatua ya pili. Nikamwambia tunashuka. Akaniambia nimeahidi kanisa langu, Mungu hawezi kuniacha hapa. Nikamwambia Mungu kamtuma mtu wa kukushusha, ndo mimi. Alinitukana njia nzima. Tulivyozidi kushuka akili ikamrudia, akanishika mkono akalia.

Nilichojifunza, usiku ule mimi nilikuwa naogopa kuliko yeye. Yeye hakuwa na hofu hata kidogo, na ilikuwa imebaki kidogo imuue. Ndo maana mgumu mpya akija kwangu hana woga kabisa huwa namweka karibu yangu, na mwenye woga simhangaikii.

#22 Nesi_wa_Zamu
@Jicho asante sana kwa kuandika hii. Nakazia.

#23 Mshare23
Wakuu ni Jumatatu usiku. Glavu nimechukua, mama wa uji kanipa na chapati juu. Wanawake tuko watatu na hema lipo, niliuliza kama Mama Lemosho alivyosema. Viatu nimepata vingine vinavyonitosha.

Bibi kaja jioni hii. Sikutegemea. Kakata jani la sale pale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, kalifunga fundo, kaniwekea mfukoni mwa koti, hakusema kitu kuhusu mlima, kasema tu ukifika juu usidharau. Kaondoka. Sasa mama anasema nilitoe, ni mambo ya kale, na kesho tunaombewa. Nifanyeje?

#24 Mwinjilisti_wa_Sakina
Binti, mtegemee Mungu mmoja tu. Mimi ningeliacha nyumbani kwa heshima, bila kumuumiza bibi.

#25 Mzee_Karanga
Mwinjilisti, sale kwetu ni jani la amani. Mtu akikukosea anakuletea sale anaomba msamaha na unalazimika kumsikiliza. Bibi ndiye aliyesema usiende, sasa kaja na sale. Wewe unaona uganga, mimi naona bibi anaomba radhi kwa mjukuu wake. Mwanangu liache mfukoni.

#26 Bi_Pangani
Mzee Karanga umeniliza.

#27 Kijiwe_cha_Stendi
Siku ya nane leo. Mleta uzi yuko wapi?

#28 Jicho_la_Usiku
Mtulie, juu mtandao unakamata sehemu sehemu na wagumu wanatunza chaji.

#29 Mshare23
NIMERUDI. Nimelala masaa kumi na matatu. Naandika ndefu mnisamehe.

Getini tulisimama duara, mmoja akaomba Kikristo na mwingine akasoma Fatiha, halafu mizani. Mzigo wangu kilo 19 na nusu. Siku ya kwanza ilikuwa kama Mzee Karanga alivyosema, tope na mizizi, nilipotua kambini nikajipapasa kama mtu aliyeanguka kwenye pikipiki nikaona niko mzima. Siku ya pili kichwa kikauma kuanzia kambi ya Shira. Nilitaka kunyamaza, nikakumbuka koti la nesi, nikamwambia kiongozi, akanipima, akanipa maji, akasema kaa karibu na mimi. Hakuna aliyecheka.

Siku ya nne asubuhi ndo ule ukuta wa Barranco. Wakuu. Unatoka kwenye hema unauangalia, watu wako juu kule kama siafu, na wewe una mzigo kichwani. Nilisimama pale chini miguu ikakataa kabisa, sio kwamba nimechoka, ilikataa. Kaka mmoja nyuma yangu akaniambia usiangalie juu wala chini, angalia kisigino cha aliye mbele yako. Aliye mbele alikuwa baba wa makamo amevaa buti la kushoto limeshonewa raba ya tairi kwa uzi wa bluu, mishono saba, wa nne umekatika. Nimeuangalia ule uzi saa nzima na zaidi. Kuna jiwe pale unalikumbatia kwa kifua kizima na mzigo unaning'inia nyuma, nilipitisha mguu nikiangalia uzi wa bluu. Tulipofika juu ndo nikagundua sijasali hata neno moja. Zaburi yote niliyokariri, hakuna, kichwani kulikuwa na mishono saba tu.

Kilichonishinda ni kitu ambacho hakuna mtu alinitajia hapa. Maji. Barafu hakuna maji, yanatoka bonde la Karanga. Mnajaza madumu mnapandisha. Upepo, vumbi, unapiga hatua tano unasimama. Hapo ndo nilikaa kwenye jiwe nikalia, nikaongea na Mungu kwa hasira kweli, nikamwambia mbona umenileta huku. Sikujibiwa kitu. Nikanyanyuka kwa sababu dumu lilikuwa linavuja kwenye mfuniko nikaogopa yataisha nikiwa nimekaa.

Usiku wa saa sita wageni wakatoka. Nilifungua zipu ya hema nikaona taa zao za kichwani zimepangana kwenda juu, unashindwa kujua taa inaishia wapi na nyota inaanzia wapi. Nikaweka mkono mfukoni, sale lilikuwa limekauka.

#30 Mwinjilisti_wa_Sakina
Sifa kwa Mungu. Binti, pale ukutani wewe hukusali lakini mama yako alikuwa anasali saa zile zile, muulize.

#31 Nesi_wa_Zamu
Kichwa kikishika kitu kimoja kidogo hofu inakosa pa kukaa, hata wodini tunawafundisha kina mama hivyo wakiwa na uchungu. Nimefurahi umesema ulipoumwa.

#32 Bi_Pangani
Nyote wawili niacheni nami niseme, kumfuata mtu wa mbele bila kuuliza njia inaishia wapi, hiyo ndiyo tawakali yenyewe. Na kumgombeza Mola ukiwa juu ya jiwe ni sala pia, tena ile isiyo na unafiki.

#33 Mzee_Karanga
Mguu. Nilisema mguu.

#34 Mama_Lemosho
Mimi nataka kujua amelipwa lini na shilingi ngapi, hayo mengine mtabishana mpaka Pasaka.

#35 Mshare23
@Mama nimelipwa yote na tipu juu, nimemaliza deni la mama la mbolea. @Mwinjilisti nimemuuliza mama, anasema saa zile alikuwa sokoni anagombana na mteja wa parachichi, ila usiku alisali.

Nilitaka niwaambie hofu imekwisha lakini nitakuwa mwongo. Leo mchana wamenipigia tena, Rongai tarehe 14. Nimekubali. Mikono imetetemeka vile vile kama mwanzo, safari hii nikaendelea kufunga gunia hivyo hivyo linapinda.

Mama Lemosho, glavu nimezifua kwa maji ya vuguvugu zimekauka vizuri, ya kulia ilikuwa imeachia kidogo kwenye kidole gumba nimeishona. Nizirudishe kwa mama wa uji au nikae nazo mpaka nirudi Rongai?

#36 Mama_Lemosho
Kaa nazo. Umeshona kwa uzi gani?

#37 Mshare23
Wa bluu.